Bakuli iwe moja kwa wote: maneno yetu kwa vijana wa Baraka na Fizi juu ya masoko ya serkali

  Wengine wenu wametelemka kutoka Fizi-centre na pikipiki, vumbi ingali kwenye viatu. Karibuni, kaeni, pisheni mama wakae mbele.

Tunajua kuna wenye wanaulizana: "Leo banatuitia nini? Tunaandamana?" Hapana. Leo tumewaita kwa sababu ya karatasi. Karatasi haipigi kelele, lakini njo inaamua kama robine kwenye avenyu yako itatoa maji ama itabaki chuma kavu. Njo inaamua kama daraja litadumu miaka 20 ama litaenda na mvua ya kwanza. Karatasi hiyo ni ile serkali inaandika wakati inachagua nani atapewa kazi na nani atakoseshwa. Sisi wengi tunaitaka "soko ya serkali". Na sisi wengi tunasema: "Ile ni mambo ya wakubwa." Leo tunataka tuache kusema vile.

Tuanze na jambo la hapa kwetu.

Miezi michache iliyopita, ofisi moja ya serkali ilitangaza soko ya kutengeneza robine za maji za watu wote. Jina la ofisi hatutalitaja leo. Siyo kwa woga. Ni kwa sababu tumeiandikia, na mtu ukimwandikia barua unamwachia nafasi ya kujibu kabla ya kumwita sokoni. Vijana fulani wa hapa, mafundi waliosoma ujenzi na maji, walinunua dosye ya soko, wakaisoma usiku, wakakopa franga kwa ajili ya dhamana, wakafunga bahasha, wakaipeleka kabla ya saa. Siku ya kufungua bahasha walikuwako. Bahasha zilikuwa tatu. Bei zilisomwa kwa sauti. Mmoja wao alikuwa na daftari, akaandika zote tatu. Bei yao ilikuwa ya chini.

Kisha kimya. Halafu siku moja karatasi ikabandikwa mlangoni: soko imepewa kompani ya pili, yenye bei ya juu.

Walienda kuuliza. Mtumishi mmoja akawajibu akiwa amesimama mlangoni, bila kuandika kitu: "Ninyi hamuna uzoefu. Ilifaa muonyeshe kazi tatu za namna hii." Wakarudi nyumbani, wakafungua dosye ile waliyonunua. Ukurasa wa masharti unasema: kazi moja ya namna hii. Moja. Na hiyo moja walikuwa wameionyesha, na picha, na karatasi ya mwenye kazi.

Moja imegeuka tatu wapi? Nani aliigeuza? Siku gani? Tunauliza hayo tu. Hatujasema mtu ameiba. Hatujasema mtu amekula rushwa. Tunauliza namba moja iligeuka namba tatu katika chumba gani.

Mama zetu wanaouza ndagala watatufahamu upesi kuliko wenye digri. Ukifika sokoni, bakuli ya kupimia iko mbele yako. Bei ya bakuli mnapatana. Sasa tuseme muuzaji amepokea franga yako, halafu anaficha bakuli ile na kutoa ndogo kutoka chini ya meza, na kwa rafiki yake anapimia na kubwa. Utanyamaza? Utapiga kelele mpaka Mutambala wasikie! Na hautauliza kama muuzaji ni mtu mzuri ama mbaya. Utasema: rudisha bakuli ya kwanza.

Kuchagua ofa ni kupima. Dosye ya soko njo bakuli. Ikishatolewa, watu wakishainunua na kufunga bahasha zao, haifai tena kubadilishwa nyuma ya pazia.

Na hilo siyo wazo letu tu. Iko katika sheria. Inchi yetu ina Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serkali. Inashika serkali ya Kinshasa, inashika provensi, inashika pia miji na sekta zetu. Msingi wake ni mambo matatu: mlango uwe wazi kwa kila mwenye uwezo, wote wapimwe sawa, na kazi ifanyike mahali pa mwanga. Bahasha zinafunguliwa mbele ya watu. Ofa zinapimwa kwa masharti yaliyoandikwa katika dosye, siyo kwa masharti yanayozaliwa baadaye. Kanuni ni kutangaza na kushindanisha. Gre-a-gre, ni kusema mapatano ya uso kwa uso na kompani moja, ni ruhusa ya pekee na lazima iombwe. Na aliyekataliwa akiuliza, ana haki ya kuambiwa kwa maandishi sababu gani ofa yake imekataliwa. Kwa maandishi, wandugu. Siyo mlangoni.

Sheria hiyo ilizaa pia walinzi. Kuna DGCMP, inayokagua kabla: inaangalia kama njia ya kutoa soko imefuata sheria, na njo inayoombwa ile ruhusa ya gre-a-gre. Na kuna ARMP, iliyoundwa kwa dekre ya tarehe 2 Juni 2010, ambayo ina komiti ya kukata magomvi kati ya aliyekoseshwa na ofisi iliyomkosesha. Kwanza unaandikia ofisi yenyewe. Ikikataa ama ikinyamaza, unapanda kwa ARMP. Lakini siku ni za kuhesabu kwa vidole. Ukikaa kulia nyumbani wiki mbili, mlango umefungwa, mkataba umetiwa sahihi, na hapo hata ukiwa na haki, robine zinajengwa na mwingine.

Sasa tuseme ukweli wote, hata ule usiotusaidia.

Kwanza: bei ya chini siyo lazima ishinde. Kuna ofa ya chini kwa sababu mtu amesahau saruji, ama amepanga kuweka bomba la plastiki nyembamba pahali pa chuma. Komisio ina haki ya kuikataa. Basi kama komisio iliona kosa lingine katika ofa ya wale vijana, iliandike tulisome. Ikiwa ni kweli, tutasimama hapa hapa na kuwaambia: wandugu, mlikosa, jaribuni tena. Sisi hatutetei ndugu yetu apate kazi. Tunatetea bakuli.

Pili: malalamiko hayo ya kisheria siyo ya kila mtu. Yanaandikwa na aliyetia ofa. Wewe unayekunywa maji, wewe mama unayeamka saa kumi ya usiku kufuata kidumu, sheria ya masoko haikupi kiti mbele ya ile komiti. Hiyo ni upungufu mkubwa wa sheria, na tunausema. Aliyekoseshwa soko anaogopa kulalamika. Mmoja wa wale vijana alituambia: "Nikiandika, sitapata soko tena hapa mpaka nizeeke." Anayeogopa hana kosa. Lakini akinyamaza, na raia hana kiti, basi nani anabaki kuuliza?

Njo maana jambo hili ni letu. Angalieni yaliyotokea pahali watu walichelewa kuuliza.

Mnakumbuka habari ya foraji. Mwaka 2021 serkali ilifunga mkataba na kompani mbili zilizoungana ili kuweka visima na mitambo ya maji katika vijiji 1.000 vya inchi yetu. Bei: karibu dola milioni 398. Gawanyeni wenyewe: karibu dola 398.000 kwa kituo kimoja. Mwaka 2024, ODEP na mashirika mengine ya raia wakapaza sauti juu ya bei hiyo, wakaguzi wa IGF wakaingia, na dosye ikafika mpaka kwenye Cour de cassation. Kuhukumu ni kazi ya majaji, siyo yetu. Lakini angalieni tarehe. Mkataba 2021, kelele 2024. Miaka mitatu. Na wakati kelele inaanza, zaidi ya dola milioni 70 zilikuwa zimeshatoka kwenye sanduku la serkali. Hapa Fizi, ambapo kolera inarudi kila mara kwa sababu watu wanakunywa maji ya ziwa na ya mito, milioni 70 siyo namba ya gazeti. Ni vidumu, ni watoto waliolala kwenye vitanda vya kolera.

Mahakama inakuja nyuma. Polisi inakuja nyuma. Wakati mzuri wa kuuliza ni mufupi sana: kati ya siku karatasi inabandikwa mlangoni na siku mkataba unatiwa sahihi. Ni hapo tu franga ingali nyumbani.

Mfano wa pili unatugusa hapa ufukweni kabisa. Tarehe 28 Julai 2022, Kinshasa, serkali ilifungua mnada wa bloku 27 za petroli na bloku 3 za gazi. Mwezi wa ine mwaka ule ule baraza la waministri lilikuwa limezungumzia bloku 16. Zikapanda mpaka 30 kabla ya mnada kufunguliwa. Katika zile 27 za petroli, 11 ziko katika bonde la Tanganyika. Tanganyika hii hii! Ziwa la pili kwa kina duniani, mita karibu 1.470, ziwa tunalogawana na Burundi, Tanzania na Zambia. Ziwa ambalo wavuvi wa Ubwari, wa Kazimia, wa Mboko wanaliwashia taa usiku ili watoto wasome asubuhi.

Soko hiyo haiko chini ya sheria ya 2010; ina sheria yake, Sheria namba 15/012 ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya hidrokabo. Lakini swali ni lile lile: nani anapima ofa, na bakuli gani? Juu ya mtu akiandika kwamba ataboa chini ya ziwa, lazima mwingine apime: ana franga? Ana ufundi? Akimwaga mafuta, atasafisha namna gani, na nani atalipa wavuvi? Alama chache ukizitoa kwenye swali la mazingira na kuzihamisha kwenye swali la franga, umeshaamua maisha ya ziwa bila kuuliza mtu hata mmoja wa Baraka.

Ikaendaje? Bloku tatu za gazi za ziwa Kivu zilipewa wenyewe mwezi wa kwanza 2023: Makelele kwa Symbion Power, Idjwi kwa Winds Exploration and Production, Lwandjofu kwa Alfajiri Energy. Za petroli, tarehe ya mwisho ilisukumwa, ikasukumwa tena. Na mwezi wa kumi 2024 ministri wa hidrokabo akafuta mnada wa bloku zote 27. Sababu zilizotolewa: ofa zisizokubalika, ofa zisizofuata kanuni, ofa zilizochelewa, ukosefu wa mashindano. Na tukaambiwa mnada utapangwa upya.

Wengi walishangilia, na sisi tulipumua. Lakini tusilale. Kufutwa ni uamuzi pia, kama vile kutoa ni uamuzi. Ofa ngapi zilikuja kwa Tanganyika? Ofa ipi ilichelewa, na siku ngapi? Ipi haikufuata kanuni, na kanuni ipi? Raia wa ufukweni ana haki ya kusoma hayo kabla mnada mwingine haujaanza. La sivyo, tutarudi kuamshwa na bakuli ileile, chini ya meza ileile.

Basi, sisi vijana tusio na ofa, tusio na avoka, tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache, na yote yanafanyika hapa hapa.

La kwanza: twende kwenye kufungua bahasha. Ni kikao cha wazi. Nenda na shati safi, salimia, kaa, andika. Daftari ya franga 500 njo iliyotufanya tujue bei tatu za robine. Bila daftari ile, leo tungekuwa na uvumi tu.

La pili: tusome dosye. Ukurasa wa masharti, ukurasa wa alama. Siyo ngumu. Wenye kusoma sheria katika vyuo vyetu, hiyo kazi ni yenu. Tukutane jumamosi, tusomeshane.

La tatu: tuandike. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani ana haki ya kuandikia mamlaka petisio, peke yake ama pamoja na wengine, na hapana mtu anayefaa kushitakiwa kwa sababu hiyo. Kama sheria ya masoko haitupi kiti, Katiba inatupa kalamu. Na ukipeleka barua, usiondoke bila muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Barua bila muhuri ni kama mtumbwi bila kasia.

La ine: tuchunge midomo yetu. Usimwite mtu mwizi kama hauna karatasi. Usiandike jina la mtumishi kwenye WhatsApp kwa sababu umesikia. Uongo mmoja wetu utawapa nafasi ya kutupa ukweli wote kumi.

Na la tano, sikilizeni vizuri, hili ni zito hapa Fizi kuliko pahali pengine. Aliyeshinda soko, tusiulize kabila lake. Hata mara moja. Tumezika watu wengi mno katika milima hii kwa swali hilo. Kuna wenye wangefurahi sana tukigeuza swali la moja na tatu kuwa swali la sisi na wale, kwa sababu siku hiyo hapana mtu atakayefungua tena ukurasa wa masharti. Kompani iliyoshinda inaweza kuwa ya watu wazuri kabisa, na pengine haijui hata kwamba bakuli ilibadilishwa. Tunauliza ofisi. Tunauliza kipimo. Tunaishia hapo.

Sasa turudi kwa wale vijana na robine. Walikaa siku mbili wakizungumza. Mmoja alitaka kuacha. Mama yake ndiye aliyewekea dhamana shamba la mihogo, na alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini ni mama huyo huyo aliyesema: "Kama mmekosa, wawaandikie. Kama hamukukosa, muandike ninyi." Wakaandika. Barua yao ina ukurasa mmoja. Inasema: dosye, ukurasa huu, inadai kazi moja, tumeonyesha kazi moja, tumeambiwa tatu, tunaomba sababu kwa maandishi na tunaomba ofa zipimwe upya kwa masharti ya dosye. Basi. Hakuna tusi, hakuna machozi. Imepigwa muhuri wa kupokea. Siku zinahesabiwa.

Na sisi tumeandika yetu, kama raia, na majina yetu chini. Tunaomba mambo ine:

Mkataba usitiwe sahihi mpaka malalamiko yajibiwe.

PV ya kufungua bahasha na PV ya kupima ofa zitolewe, watu wazisome.

Kama ofa ilikataliwa kwa sababu nyingine, sababu hiyo iandikwe.

Na kuanzia soko ijayo, tangazo la kufungua bahasha libandikwe pia sokoni na kwenye soko ya samaki, siyo tu nyuma ya mlango wa ofisi.

Hatuombi makubwa. Hatuombi mtu afukuzwe. Ofisi ikijibu vizuri, tutakuja kusoma jibu hapa mbele yenu, neno kwa neno, hata kama linatuaibisha. Ikinyamaza, wale vijana watapanda kwa ARMP, na sisi tutachanga franga ya karatasi na ya safari. Tayari mama mmoja wa ndagala ametoa ya kwanza. Alisema: "Mimi najua habari ya bakuli."

Kwa hiyo jumatatu asubuhi, wenye nafasi, tutasindikiza ile barua ya raia. Tutatembea pembeni ya barabara, tusifunge njia, tusipige kelele. Wawili wataingia na barua, wengine watangoja nje. Ukija na jiwe mfukoni, rudi nyumbani. Ukija na daftari, karibu sana.

Wazee wetu walivumilia robine kavu kwa sababu waliambiwa mambo ya soko ni ya wakubwa. Sisi tutakuwa wakubwa siku gani? Robine ni yetu, ziwa ni letu, franga ni ya kodi yetu: ya moto wa pikipiki, ya meza ya sokoni, ya mtumbwi. Basi na kipimo ni chetu.

Bakuli iwe moja kwa wote.  Tuko pamoja.